Kijicho cha Mwalimu wa Kwaya

Otilia Likwata alianza kumwonea Melania kijicho mwezi wa Juni, wiki sita baada ya mafuriko. Kilichomtia kijicho hakikuwa mali, maana wakati huo Melania hakuwa na hata sufuria aliyoweza kuiita yake.

Ukiwauliza watu wa Somanga wangekuambia kati ya hao wawili mwenye heri ni Otilia. Nyumba yake ilikuwa kwenye mwinuko, upande wa juu wa barabara kuu iendayo Lindi, na maji hayakugusa hata kizingiti chake. Mumewe Stefano alikuwa fundi wa matairi ya malori, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti. Tena Otilia alikuwa na cheo. Katika kigango chao, kanisa dogo la bati ambalo padre hulifikia mara moja kwa mwezi, alikuwa mwalimu wa kwaya kwa mwaka wa kumi na tisa. Wakatoliki pale hawazidi kaya thelathini, wamekaa katikati ya majirani Waislamu kama chumvi kwenye mboga, na kila mmoja alimwamkia Otilia kwa jina la Mwalimu. Majirani wengine walimwita Mama Benadeta.

Jina hilo la pili lilikuwa likimchoma, ila hakumwambia mtu. Benadeta alikuwa bintiye wa pekee. Alifariki kwa uzazi miaka minne nyuma, yeye na kichanga chake siku moja. Tangu siku hiyo Otilia hakukosa ibada hata moja. Alifunga Kwaresima mpaka mifupa ya shingo ikatokeza, alisali rozari, aliosha vitambaa vya altare kwa mikono yake. Jambo alilomwomba Mungu lilikuwa moja tu: amrudishie furaha, hata kidogo, hata ile ya kusikia wimbo ukimpendeza. Hakupewa. Ndani mwake palibaki pakavu kama kifuu, akawa anawaimbisha wenzake sifa za Bwana huku yeye mwenyewe akihesabu mapigo tu.

Sasa huyo Melania. Huyo alikuja kwenye imani juzi juzi. Kabla ya hapo alikuwa muuza uraka, ile pombe ya mabibo, na msimu wa korosho banda lake kule bondeni lilijaa wanaume tangu saa nne asubuhi. Alibatizwa mtu mzima wa miaka thelathini na tano, akaacha biashara ile, akafunga ndoa kanisani na mumewe Tomaso, wakalima mpunga na muhogo kando ya mto. Kwenye kwaya aliingizwa sauti ya pili kwa sababu hakuweza kuishika ya kwanza. Noti hakuzijua, alidaka nyimbo kwa masikio kama kasuku.

Masika yale mto ulifurika ukachukua nyumba, shamba, mbuzi watatu na mikorosho sita. Mwezi uliofuata Tomaso akapigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kuume vikalala, ulimi ukafungwa. Aliyewapokea ni Zakia, mke wa Abdulatifu mnunuzi wa pweza, mtu wa msikitini asiye na makuu. Aliwapa banda la uani bila kuwauliza watakaa mpaka lini.

Jumapili ya kwanza baada ya kiharusi kile, Otilia alijiandaa kumfariji Melania. Alikwishapanga na maneno. Melania akaingia kanisani na kanga ya kuazima, akasalimia, "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu! Shikamoo!" akacheka kicheko chake kile cha kurusha kichwa nyuma, kisha akaimba mpaka mishipa ikamtoka. Haikuwa furaha ya kujilazimisha. Otilia aliijua ile ya kujilazimisha, alikuwa bingwa wake. Hii ilitoka ndani kama maji ya chemchemi, na waliokaa karibu na Melania wakaanza kutabasamu bila kujijua.

Maneno ya faraja yakamkauka Otilia mdomoni. Njiani kurudi nyumbani alimwambia mumewe, "Umemwona Melania? Mume kalala kitandani, yeye anacheka."

"Mungu anampa nguvu," Stefano akasema.

"Kwa nini yeye?"

Stefano alisimama akamtazama, akadhani hakusikia vizuri. Otilia akasonga mbele.

Swali lile halikumwachia. Akifagia, kwa nini yeye. Akikaanga mihogo, kwa nini yeye. Miaka minne mimi nabisha hodi, mlango haufunguliwi, kisha anakuja mgema wa mabibo asiyejua hata mafumbo ya rozari, anafunguliwa hata kabla hajabisha. Padre alipofika mwezi wa Agosti alimwomba Melania asimame atoe ushuhuda mbele ya watu, kazi ambayo miaka yote ilikuwa ya Otilia. Melania aliongea dakika tatu, nusu yake vichekesho. Kanisa likacheka, likalia. Otilia alipiga makofi na wenzake huku meno yameumana.

Akaanza kutafuta siri. Lazima ipo, alijiambia. Mtu hawi na furaha ya bure. Labda ana ndugu Dar anayemtumia vitu, au mganga, au anakunywa kwa kujificha. Asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba alichukua bakuli la unga kama kisingizio, akaenda kwa Zakia. Zakia alikuwa ametoka. Otilia akapita moja kwa moja uani, lakini alipolikaribia banda hakupiga hodi. Alisimama nyuma ya ukuta wa makuti akachungulia.

Melania alikuwa anamwogesha mumewe. Alimkalisha kwenye kiti cha plastiki kilichokatika mguu na kuegemezwa tofali, akawa anamsugua mgongo kwa kitambaa, anaimba. Otilia aliutambua wimbo kwa neno la kwanza:

*Umeniamsha tena, Bwana,*
*na jua limeniona.*

Ulikuwa wimbo wake. Yeye Otilia ndiye aliyeutunga, wiki ile baada ya kumzika Benadeta. Kisha akasikia sauti ya pili, nzito, inayokwaruza. Tomaso, ambaye tangu Juni hakuweza kusema hata "maji", alikuwa anaimba. Maneno yalimtoka kamili, moja baada ya jingine, *na jua limeniona*, mdomo umepinda upande na macho yanamwangalia mkewe. Wimbo ulipokwisha akajaribu kusema kitu, ukatoka mlio tu. Melania akacheka, akambusu utosini penye povu. "Basi tuanze tena, baba. Tuanze tena."

Mwingine angelia kwa furaha pale. Otilia alihisi kitu kama mwiba wa samaki kikipita kooni kwenda chini. Wimbo ni wangu. Nimeutunga mimi, nimewafundisha mimi, na mimi haujanipa kitu. Yeye umempa mume anayeimba. Aliondoka kimya kimya, akarudi na bakuli lake la unga.

Wiki mbili baadaye alikuwa kituoni kando ya barabara, kwenye meza ya Nasma, muuza samaki wa kukaanga, wakingoja mabasi. Melania akapita na ndoo kichwani, akawapungia mkono, akacheka na kuendelea na safari yake.

"Huyu mama," Nasma akasema, "na shida zote zile, kila saa meno nje. Ana nini?"

Otilia alikuwa na jibu la kweli. Alikuwa ameliona kwa macho yake. Badala yake akatazama upande wa mikorosho, akavuta pumzi. "Mabibo yameiva, shoga yangu. Mtu hasahau kazi ya mikono yake."

Hakusema zaidi ya hapo. Nasma aliguna, akageuza samaki. Otilia akajiambia, sijasema kwamba anakunywa. Nimesema mabibo yameiva, na kweli yameiva.

Neno halina miguu lakini hufika. Siku ya tatu mchana Melania alibisha hodi kwa Otilia. Hakuwa na kicheko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Naomba ufunguo wa stoo ya kanisa. Ile yanapokaa mabenchi. Mzee Abdulatifu kaniita leo asubuhi. Kasema kwa adabu sana, kasema hana ugomvi na mimi, ila kasikia napika uraka bandani kwake, na pombe uani mwake haikai. Nimemwapia. Kasema watu wanaoaminika ndio waliosema." Aliangalia mikono yake. "Zakia alikuwa analia, maskini. Sasa Tomaso nimemwacha kwenye mkeka nje ya geti."

Otilia alitoa ufunguo msumarini. Alijisikia akiuliza, "Na hujui nani kasema?"

"Sijui, na sitaki kujua. Nikimjua nitashindwa kusali."

Akaenda. Stefano na wenzake wawili wakambeba Tomaso juu ya mkokoteni. Stoo ile ilikuwa hatua hamsini kutoka nyumba ya Otilia, chumba cha udongo chenye bati lililotoboka na popo. Otilia alisimama dirishani akawaangalia wakitoa mabenchi nje. Alingoja kitu. Alikuwa hajakiri hata moyoni mwake anachongoja, lakini alikuwa anangoja ahueni. Kicheko kimekwisha. Sasa tuko sawa.

Kesho yake alfajiri alikaa kitandani akisikiliza. Hakusikia wimbo. Siku iliyofuata pia kimya. Aliona tu Melania akitoka na beseni, anamwaga maji, anarudi ndani. Siku ya nne Otilia alikutana naye njiani akamwuliza hali ya mgonjwa.

"Haimbi tena," Melania akasema. "Pengine hapapendi pale. Nami sauti imenikauka." Akajaribu kutabasamu, likaja tabasamu lile ambalo Otilia alilijua barabara, kwa sababu alilivaa mwenyewe kila Jumapili kwa miaka minne.

Hapo ndipo Otilia alipoogopa. Aliingia ndani akafunga mlango. Kile alichokuwa akimwonea mwenzake kijicho hakikuhamia kwake. Kilikuwa kimezimwa tu, basi, na aliyekizima ni yeye. Alijaribu kusali, akafika "utusamehe makosa yetu", akakwama. Alirudia mara tatu. Mara ya nne akatupa mtandio begani na kutoka.

Alimkuta Abdulatifu barazani akikunja nyavu za kubebea pweza, Zakia pembeni anachambua mchele. Walimkaribisha kiti, akakataa. Aliona akikaa hatasema.

"Mzee Abdulatifu, yale maneno yaliyosemwa juu ya Melania ni uongo. Hapiki uraka wala hanywi."

"Mama Benadeta, Nasma kasema kayasikia kwa mtu wa kanisani kwenu kabisa."

"Mtu huyo ni mimi."

Zakia aliuacha ungo. "Wewe?"

"Mimi. Na nilijua si kweli. Nilikuja hapa nikachungulia bandani mwenu, nikaona anavyomhudumia mumewe. Nikaona wivu."

Abdulatifu aliweka nyavu chini taratibu. "Astaghfirullahi," akasema, wala hakuwa akimwambia Otilia. "Nimemtoa mgonjwa nyumbani kwangu kwa uongo." Kisha akamgeukia. "Tulikuamini kwa sababu ya kanisa lako, mama. Mtu wa dini akisema, mtu mwingine hachunguzi."

Zakia alivaa buibui lake akatangulia kwenda kanisani, mumewe nyuma yake, na Otilia nyuma yao kama mtu anayefuata jeneza.

Melania alikuwa mlangoni pa stoo na beseni la maji ya kuogeshea. Otilia alisema mbele ya wote, sentensi zilezile, hakupunguza. Melania alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainua beseni, akayamwaga maji yote miguuni pa Otilia, na povu lake.

"Ondoka," akasema. "Ondoka, Mwalimu, kabla sijasema mengine."

Abdulatifu akaomba radhi, akawasihi warudi uani siku hiyohiyo. Tomaso akapandishwa tena mkokotenini. Otilia alirudi nyumbani na viatu vinavyotoa maji, akamweleza Stefano. Stefano akamwekea maji ya moto aoge. Hilo lilimuuma kuliko kama angemfokea.

Jumapili hiyo alisimama mbele ya wanakwaya akasema hastahili kuwafundisha, akaeleza sababu. Wengine waliangalia chini. Mama mmoja alitoka nje. Padre alipokuja akamsikiliza maungamo, akamwondolea dhambi, lakini kwaya hakumrudishia upesi. Alimwambia akae mwezi mzima kwenye benchi la nyuma, aimbe kama muumini yeyote. Otilia alikaa kule nyuma, pale ambapo hakuwahi kukaa tangu utoto.

Ilikuwa Desemba mwanzoni Melania alipomtumia salamu kupitia kwa Zakia kwamba aje. Otilia alikwenda. Melania alimpa kigoda.

"Hasira haijakwisha yote," akasema. "Imebaki kidogo, hapa." Akaonyesha kifuani. "Ila Tomaso amesahau ubeti wa tatu, na mimi sijawahi kuujua vizuri. Nimekuita unifundishe."

"Umeniita kwa hilo?"

"Na kwa kukuuliza. Ulisema ulinionea wivu. Wivu wa nini, Mwalimu? Una nyumba, una mume mzima."

"Wa furaha yako."

Melania alimkodolea macho, kisha akacheka, kicheko kidogo kisichofika mbali. "Unadhani silii? Maji yalipochukua nyumba nilimtukana Mungu kwa Kimatumbi, maana Kiswahili hakikutosha. Tomaso alipoanguka sikusali siku tatu. Halafu nikawa namwogesha, kimya kile kinanitisha, nikaimba wimbo wako kwa sababu ndio pekee ninaoujua mwanzo hadi karibu na mwisho. Asubuhi ya nne akaitikia. Mtu asiye na ulimi! Niliangusha sabuni. Nikasema, kumbe yupo. Mungu yupo humu bandani, amekaa na sisi na huu uvundo wetu. Tangu hapo nikiamka najua hatuko wawili. Basi, ni hilo tu. Sina siri nyingine." Akasita. "Ulipoutunga ulikuwa na furaha, eti?"

Otilia alitikisa kichwa. Miaka minne na nusu hakuwa amemweleza mtu, hata Stefano. "Nilikuwa nimemzika Benadeta. Sikutaka kuamka. Niliutunga nipate sababu ya kutoka kitandani. Niliuimba, nikatoka. Nikauona haufai kitu kwa sababu sikujisikia chochote."

"Lakini ulitoka kitandani."

"Nilitoka."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Otilia akaanza kulia, si kilio cha kanisani cha kufuta machozi na ncha ya kitambaa, bali cha kamasi na kwikwi, kile ambacho hakukilia hata makaburini. Melania alimwacha alie. Tomaso, kwenye kiti chake, aliwaangalia kwa wasiwasi, akafungua mdomo na kuanza kuimba, na kwa kuwa neno pekee lililomjia kwa haraka lilikuwa la sauti ya nne, akaimba ile "mmm, mmm, mmm" ya mabesi peke yake, kama lori linalopanda kilima. Wanawake wale walitazamana. Otilia alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka huku bado analia, alicheka mpaka akashika ukuta, na Tomaso kwa kuona hivyo akaongeza sauti. Zakia alikuja mbio kutoka jikoni akidhani mgonjwa amezidiwa.

Njiani kurudi, Otilia aliona kitu ambacho ilimchukua muda kukipa jina. Alikuwa anasali. Hakuwa amekusudia. Alikuwa tu anamweleza Mungu habari ya Tomaso na mabesi yake, kama mtu anavyomhadithia mumewe mambo ya sokoni, na hakuhisi kama anabisha mlango wa mtu. Haikuwa chemchemi kama ya Melania. Ilikuwa unyevunyevu tu, lakini baada ya ukame ule mrefu alisimama katikati ya njia akaogopa hata kutembea, isije ikamtoka.

Haikumtoka, ingawa haikuwapo kila siku. Kijicho nacho hakikung'oka kwa siku moja. Pasaka iliyofuata, Tomaso aliposimama kwa mkongojo na kuimba mbele ya kigango kizima, na Abdulatifu na Zakia wamesimama nje dirishani kusikiliza, watu walimkimbilia Melania kumkumbatia, na Otilia alisikia ule mwiba wa kale ukimgusa kooni. Aliutambua. Akaenda akajipanga kwenye foleni ya wanaomkumbatia, wa nane au wa tisa hivi, akangoja zamu yake.

Mwaka huu wamelima ufuta pamoja, ekari moja ya Stefano kule juu ambako mto haufiki, upande wa kwenda Tingi. Hugombana sana shambani, kwa sababu Otilia anapenda mistari inyooke na Melania hajali. Zakia huwapelekea uji saa tatu, na akifika hukaa kivulini akawasikiliza wakibishana, kila mmoja na jembe lake, mpaka mmoja wao aanze kucheka.